Kigoda Kikiletwa, Kaa Wewe

Ng'ambo, Tabora
Jioni, kesho mnasafiri

Mwanangu Kalunde,

Barua zetu tumezoea kuzianza kwa uongo wa heshima: mimi mzima, hofu ni kwako. Tunaandika hivyo hata kama hofu yenyewe hatuna. Leo naandika nikimaanisha. Mimi mzima, goti tu linanisumbua kama unavyolijua, na hofu ni kwako, na kwa Limi, na kwa mtu wa tatu ambaye nitamtaja nikimfikia.

Wewe na mama yako mmekwenda Kanyenye kununua vitenge vya kupeleka ukweni, nanyi mkiingia dukani hamtoki upesi, kwa hiyo nina muda. Limi mmeniachia. Yuko hapa sakafuni anazilisha ndala zangu uji. Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa karanga, uisome ndani ya treni mkishaondoka stesheni. Kwenye maagizo ya safari mimi simo. Mama yako atakuagiza mpaka masikio yakuume, na ukweli ni kwamba unajua kufunga mizigo, unajua kuishi na watu, na mkono wako wa ugali umemshinda hata yeye, ila usimwambie nimesema.

Utajiuliza kwa nini fundi anayeongea kutwa nzima na wenye baiskeli zao leo ameshika kalamu. Ni kwa sababu najijua. Nikikwambia kwa mdomo nitatia mzaha katikati, utacheka, nami nitafurahi kwamba umecheka, na jambo litapita hivi hivi. Mdomo wangu ndio uliotufikisha hapa Ng'ambo.

Nianze na wewe ulipokuwa sawa na Limi. Tulikuwa bado tunaishi kijijini, kule kwenye tumbaku, na ulikuwa unajifunza kusema. Mungu wangu, ulivyokuwa unasema! Ulisikia kila ukiwaamkia wazee wanakujibu marahaba, ukaona hilo ndilo neno tamu. Basi ukawa unamwendea mzee mzima, unasimama mbele yake na tumbo mbele, unamwambia, "Mayahaba!" Unangoja. Mzee hana la kufanya, anainama: "Shikamoo, mama." Nilikuzungusha kijiji kizima ukiwaamkisha wazee, na kila mahali tuliacha watu wameshika mbavu. Maziwa yakifura jikoni ulisema yameamka. Padri ulimwita baba wa Jumapili, na siku alipokuja Jumatano ulikataa katakata kwamba ni yeye. Siku moja ulimtazama jogoo wetu anawika, ukaniambia, "Baba, kuku anatapika kelele."

Mimi nilikuwa nakusanya maneno yako kama mwingine anavyokusanya kuni. Jioni nikienda kilabuni, watu walikuwa wananisogezea nafasi kabla sijaketi. "Haya, baba Kalunde, mtoto kasemaje leo?" Nami nasema, kwa sauti yako na mikono yako. Sikuwa na ng'ombe, sikuwa na shamba la kutajika, lakini nilikuwa na wewe. Nilipendwa kwa ajili ya maneno yako, nikalewa kupendwa kuliko nilivyolewa pombe.

Jirani yetu alikuwa Bibi Nyamizi. Hukumbuki, na ni sisi tuliohakikisha hukumbuki. Alikuwa mjane, watoto wake wote walikuwa wametangulia, na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa jiko la nyumba isiyo na dirisha. Ukimtazama vibaya unaweza kusema mkali. Hakuwa mkali. Alikuwa mbishi tu, na mimi nilipenda kubishana naye. Moto wake haukuzimika mwaka mzima, kwa hiyo asubuhi nyumba zote za upande ule zilituma mtoto na kigae kwenda kwake kuomba kaa la moto. Mama yako alikuwa anakubeba mgongoni akienda kuomba moto. Ulimjua bibi yule kabla hujamjua shangazi yako.

Na alikuwa anavuta. Alisokota jani la tumbaku yeye mwenyewe, akaliwasha, halafu kama bibi wengi wa kwetu akaligeuza, ule upande wenye moto ukaingia mdomoni. Wavutao hivyo wanasema ndivyo linavyokolea. Ulisimama ukamtazama, mdomo wazi, ukarudi mbio nyumbani.

"Baba! Bibi anakula moto!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama yako alicheka. Tulimwambia Bibi Nyamizi mwenyewe, akacheka kuliko sisi, akakuita: "Njoo, mjukuu, na wewe nikupakulie." Jioni ile nikaipeleka kilabuni, na haikupata kutokea maneno yako mengine yakapendwa kama hayo. Vijana wakimwona bibi njiani wanamtania, "Bibi, leo umekula moto na mboga gani?" Naye anawajibu matusi ya kiutani, kila mtu anapita zake. Mwaka ule wote ulikuwa hivyo.

Halafu bani la Mzee Katabi likaungua. Wewe umekulia mjini, lakini huko uendako utayaona mabani, vile vibanda vya udongo virefu vya kukaushia tumbaku. Moto wake unachochewa usiku na mchana, na anayechochea akisinzia, au akizidisha kuni, jani moja kavu likiangukia bomba la moto, bani limekwisha. Yanaungua kila msimu, mahali pengi, na kila mkulima anajua sababu. Lakini la Katabi liliungua na tumbaku yake yote, na aliyekuwa anachochea alikuwa mwanawe wa kwanza, na hakuna baba anayependa kusema mwanangu alisinzia.

Tulikuwa tumesimama pale majivuni, bado yanafuka. Mtu mmoja, sikumwona ni nani, alisema polepole, "Si kuna mtu anakula moto hapa kijijini?" Wengine wakacheka. Mimi pia nilicheka, Kalunde, kwa mazoea, kwa sababu yalikuwa maneno yangu na mtu akisema maneno yako unacheka. Ndipo Katabi akageuka akanitazama. Yeye hakucheka. Akasema, "Mtoto hadanganyi."

Weka maneno hayo akilini, nitayarudia.

Kesho yake mama yako hakwenda kuomba moto. Alituma mtu dukani akanunue kiberiti. Mimi nilimwona anakiwasha, naye aliniona namwona. Nilitoka nje, nikatazama nyumba za jirani. Asubuhi ile hakuna mtoto hata mmoja aliyekuwa amebeba kigae. Bibi Nyamizi alikuwa amekaa mlangoni pake na kaa limeshatengwa pembeni kama siku zote, anangoja wanaokuja kuomba. Nilimpungia mkono kwa mbali. Sikuvuka.

Huwa nafikiri kama kijiji kina saa ya kugeuka, ilikuwa ile. Hakuna aliyepiga kelele wala aliyeshika panga. Watu walinunua viberiti tu.

Siku zikapita chache, wakaja nyumbani. Alikuwemo Katabi, na vijana wa sungusungu, walinzi wa kijiji, na wanawake wawili tunaosali nao jumuiya moja. Walinisalimu vizuri. Walisema, "Baba Kalunde, hatuna neno nawe. Tunataka kumsikia mtoto." Mama yako alikuwa ndani, akatoka, akasimama na mwiko mkononi. Mimi nikasema ni mtoto mdogo, mnamtakia nini? Katabi akasema, "Mara ngapi umetusimulia wewe mwenyewe?"

Hapakuwa na mahali pa kukukalisha, nami, mwanangu, ndiye niliyeleta kigoda. Hakuna aliyekiagiza. Wageni wamekuja, mtoto atasimama, mkono wangu ukaenda wenyewe ukachukua kigoda. Nikakukalisha juu yake.

Ulifurahi. Ulizoea kwamba watu wakikusanyika kwa ajili yako ni raha. Katabi alichuchumaa mbele yako, akakuuliza kwa upole kabisa, "Kalunde, bibi anakula nini?"

"Moto!" ukasema, ukapiga makofi.

Ukangoja wacheke. Hakuna aliyecheka. Ukadhani hawajasikia. Ukasema tena kwa nguvu, "Bibi anakula moto! Moto mwingi!" Ukageuka ukanitafuta mimi, mchekaji wako mkuu. Nilikuwa natazama chini.

Waliondoka kama walivyokuja, kwa salamu. Mmoja wa wale wanawake alikupa karanga.

Jioni ile, jua lilipokuwa linazama, filimbi za sungusungu zilipigwa upande wa bondeni. Wanaume tuliitwa tukaenda, kwa maana asiyekwenda huulizwa kwa nini. Tuliporudi nyumba ya Bibi Nyamizi ilikuwa inawaka. Nani aliiwasha wakati sisi wote tuko bondeni, hakuna anayejua, au kila mtu anajua, ni mamoja. Tulitafuta majivuni hata mchana wa pili. Hapakuwa na mtu. Wapo waliosema walimwona alfajiri kwenye ile njia ya zamani ya wapagazi, ile iliyokuwa ikienda Ujiji, anatembea kuelekea magharibi bila mzigo. Wengine walisema hakuna kitu kama hicho. Mimi niliifuata njia ile na baiskeli mpaka mahali inapomezwa na pori, nikiuliza kila niliyekutana naye. Sikumpata. Mtoto wa Katabi, yule aliyesinzia, alihama kijiji msimu uliofuata, na sisi tukahama mwaka ule ule. Wewe tumekuwa tukikwambia tulikuja Tabora mjini ili usome.

Nimekwambia sasa. Usijitwike. Mtoto hadanganyi, ndiyo, Katabi alisema kweli. Ulisema ulichokiona na ulikiona sawasawa. Uongo tuliuweka sisi wenye meno, juu ya neno la mtu ambaye meno yake yalikuwa hayajamaliza kuota.

Lakini kuna kosa la pili, na hili ndilo linaloniumiza nikikutazama. Tulipofika hapa uliendelea kuongea. Uliuliza, "Bibi wa moto yuko wapi?" Uliuliza mbele ya mwenye nyumba, uliuliza kanisani. Mama yako na mimi tukaogopa kinywa chako. Kila ulipofungua mdomo tulisema shh. Mama yako alikuwa anakutisha na mwiko, mimi nilikuwa nageuza uso. Haukupita muda ukanyamaza, ukanyamaza kweli kweli. Walimu waliandika kwamba una haya. Mumeo alipokuja kukuposa, shangazi zako walisema, binti huyu ana adabu, hana maneno mengi. Nilikuwa nimekaa pale nikitazama chini tena. Hukuzaliwa na haya wewe. Ulizaliwa unawaamkisha wazee.

Ndiyo maana Limi alipoanza kusema nilifufuka. Na wewe ulifufuka, nilikuona. Ulicheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu kijijini. "Mama, miguu yangu imegombana," amevaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. "Babu hana nywele, zimekwenda sokoni." Ukawa unamrekodi kwenye simu, unatutumia, na mimi fundi baiskeli mwenye mikono ya grisi nikawa naangalia kila nikimaliza kuziba pancha. Simu yako ndiyo kilabu changu kile cha kijijini, Kalunde. Tofauti yake ni kwamba kilabu changu kilikuwa na ukuta.

Nafika sasa kwa mtu wa tatu. Ni Bibi Mgeni, bibi yake mumeo.

Pasaka mlipokwenda Urambo kuwasalimia, Limi alimwona bibi huyo asubuhi, ameinama kwenye kaburi la marehemu mumewe nyuma ya nyumba, ametia unga kidogo, anazungumza naye. Watu wa kwetu wamefanya hivyo tangu tangu, na wengine wakitoka hapo wanakwenda misa. Limi akaja kukwambia, ukamrekodi: "Mama, bibi anapigia simu udongo." Mkacheka. Nami nilicheka, sikatai, ni tamu kuliko lako la jogoo. Ukaiweka kwenye kundi la ukoo wa mumeo. Wakaicheka wote.

Mwezi huu mtoto wa shemeji yako amefariki. Homa ya ghafla, hospitali walifika wamechelewa. Juzi ulinionyesha simu ili nione rambirambi. Nikaona kwamba mtu ameirudisha ile video ya Limi, katikati ya rambirambi, bila maelezo. Chini yake mwingine ameandika: Mtoto hadanganyi.

Wewe uliniambia, "Baba, wanatania tu." Nikakurudishia simu.

Na jana shangazi wa mumeo akapiga. Nilimsikia, maana simu yako inaongea kama redio. "Mje salama, mkwe. Msimwache mtoto huko. Tuna jambo dogo la kumuuliza." Ulijibu, "Haya, shangazi, mtamuuliza mpaka mchoke, haishiwi maneno huyu." Ukacheka.

Kalunde, unapelekwa na mtoto wako mahali ambapo kigoda kimeshatengwa.

Nilitaka kukuzuia usiende. Mama yako akasema nikikuzuia bila sababu mumeo atadhani nataka mahari ya pili, na nikikuzuia kwa sababu hii, wewe utakuwa Ng'ambo na yule bibi kizee atabaki kule peke yake na watu wanaonunua viberiti. Ana haki mama yako. Ni yeye aliyesema nikuandikie. Alilia aliposema, na hajalia mbele yangu tangu ile siku ya kiberiti.

Kwa hiyo ukishuka stesheni, usikubali kupelekwa kwanza sebuleni. Sema unataka kumwamkia bibi. Mfunge Limi mgongoni, vuka ua mbele ya macho yao wote, piga magoti umpe shikamoo yake. Kisha omba moto. Najua wakwe zako wana jiko la gesi. Omba hata hivyo, na kigae mkononi, urudi nalo kaa lile linafuka mpaka jikoni kwa mama mkwe wako, upikie. Akikupa chakula kula, na Limi ale kutoka mkononi mwake, nje, mchana. Kesho yake fanya tena. Sisi tulikuwa nyumba nyingi. Ingetokea moja tu ikapeleka kigae asubuhi ile, ya pili ingeona aibu kubaki nyuma. Hilo nimeliamini miaka yote, na sijui kama ni kweli, lakini sina jingine la kukupa.

Watakapokuja kumuuliza mtoto, watakuja na salamu nzuri. Kigoda kikiletwa, kaa wewe. Mweke Limi mapajani, uwaambie, niulizeni mimi, kwa kuwa mimi naweza kueleza alichokiona. Waambie bibi anazungumza na mume wake. Waulize nani kati yao hajawahi kusema na marehemu wake. Watashangaa kukusikia, wamezoea kwamba huna maneno. Unayo. Tuliyafunga sisi, na ninayafungua leo kwa mkono wangu, kama yanafunguka.

Mumeo, mnayesafiri naye, ni mtu mwema. Mimi pia nilikuwa mtu mwema, hakuna mtu kijijini aliyesema vinginevyo. Mwambie mapema, ndani ya treni, kabla hajafika kwao na mikono yake haijaanza kutafuta viti. Na ukiona maneno hayatoshi, usingoje filimbi. Mchukue bibi, panda naye treni, njooni. Mama yako ameshaondoa magunia chumba cha uani na kutandika kitanda. Alidhani sijamwona.

Na Limi usimnyamazishe. Nakuomba kwa jina la Mungu. Mwache aseme kuku wanatapika kelele na maziwa yameamka. Mcheke naye, ndani kwenu. Ila maneno yake usiyapeleke sokoni.

Nasikia sauti zenu kwa mbali, mama yako anabishana na mwenye bajaji. Nikunje karatasi. Huyu mwanao amemaliza kuzilisha ndala, amekuja kusimama kwenye goti langu bovu. Ananitazama jinsi ninavyoandika huku midomo yangu inachezacheza, maana siwezi kuandika bila kujisemesha, na macho yangu siku hizi yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuchomelea vyuma. Halafu amesema kwa sauti kubwa, anajivunia, "Babu anaongea na mtu hayupo!"

Nimecheka. Kisha nimeinuka, nimekwenda mlangoni kutazama kama kuna jirani aliyesikia.

Baba yako